Kipimo cha uzazi Mwanjelwa, nendeni wote wawili
Miaka mitatu kwenye ndoa hatujapata mtoto na lawama zote alikuwa anabeba mke wangu, mpaka tukaenda kliniki moja maeneo ya Mwanjelwa, Mbeya. Nesi akaanza na mimi, akasema kipimo cha mbegu za kiume ndo rahisi, unakaa siku 2 mpaka 7 bila tendo, ukitolea nyumbani sampuli ifike maabara ndani ya saa 1 na isipigwe baridi, na baridi ya Mbeya mnaijua, kikopo nilikibeba kifuani ndani ya koti. Majibu nikapewa mlango umefungwa, hapo nawapongeza sana. Ila mapokezi wanataja jina na kipimo kwa sauti benchi zima linasikia, jamani hilo linaumiza, wabadilishe. Mke wangu bado ultrasaundi na kipimo cha mirija ya uzazi.