Mapenzi ya 1905 kwa akili ya Sinza

Jamani mimi riwaya za mapenzi nasoma sana, sijifichi, na zile za zamani ndo ugonjwa wangu kabisa, kwa hiyo niliposikia imetoka moja ya Dar na Kilwa enzi za Maji Maji sikusubiri hata mshahara. 22,000 ya kitabu, 4,000 ya boda mpaka Kimara. Dada aliyeniuzia akaniambia "shosti andaa leso". Leso niliandaa. Ipo tu mpaka leo, kavu.

Kava lenyewe zuri, hilo nisiseme uongo, binti kajifunga kaniki, nyuma yake majahazi. Na wazo ni tamu mno, ndo maana roho inaniuma. Binti ni Mmatumbi, kaja mjini kukaa kwa shangazi yake, anampenda askari wa Mjerumani. Askari mwenyewe mweusi mwenzetu, ila anakula mshahara wa Mdachi. Sasa we fikiria, kwao huyo binti ndo huko huko Umatumbi, ambako Julai 1905 watu walichoka kulimishwa pamba kwa viboko wakaingia shamba la Nandete wakaanza kuing'oa, na vita ikaanzia hapo. Yaani mpenzi wako anapewa bunduki aende akawapige kaka zako! Unataka kikwazo gani tena? Anayejua kazi hapo angetuliza mpaka kwikwi.

Sasa huyu wa kwetu kafanyaje. Sura ya 12 askari anaaga, sura ya 14 karudi, kakonda kidogo, wanaoana. Sura ya 13 ni ya shangazi kumtafutia binti mchumba mwingine, mzee mmoja ana punda watano. Vita nzima imepita kama mvua ya mtaa wa pili. Nikasema labda usiku wa harusi atamuuliza. Hajamuuliza! "Ulifika kijijini kwetu?" hamna. "Mama yangu umemkuta mzima?" hamna. Na Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula makusudi, njaa ikaua watu kuliko risasi, kuna wanahistoria wanafikisha mpaka 300,000, halafu huyu bibi harusi anawaza kama hina imekolea au haijakolea.

Na maongezi yao sasa. Siku ya kuagana binti anamwambia mwenzie "nahitaji muda wa kutafakari uhusiano wetu". Binti wa 1905! Na shangazi kasimama hapo hapo pembeni! Hiyo ni meseji ya mtu wa Sinza saa sita usiku, usinidanganye. Mimi hapo nilikuwa kwenye mwendokasi tunaingia Kivukoni, nimesimama, kitabu mkono mmoja, nikainua macho nikaliona kanisa la Azania Front, jeupe, paa jekundu. Lile kanisa lipo pale tangu 1902. Kwa hiyo hawa wapenzi wanaagana ufukweni mbele ya jengo jipya kabisa linalong'aa na mwandishi hajaliona, kaandika "majengo ya kizungu". Kitabu kizima ni majengo ya kizungu tu.

Makosa mengine nisingeyasema kama mapenzi yangenishika, maana ukishashikwa huoni. Sasa sikushikwa, nikayaona yote. Kodi ya kibanda wanalipa shilingi, wakati ilikuwa rupia 3, shilingi kaja nayo Mwingereza baadaye. Na ukurasa wa 143 ndo ulionimwagisha chai, askari anarudi kutoka vitani 1906 kwa treni ya Kigoma. Kigoma! Vita iko kusini, Kigoma kaenda kumsalimia nani? Na mwaka huo reli ilikuwa haijafika hata Morogoro, Morogoro imefika 1907, Kigoma 1914.

Ila sura ya 3, jamani. Bibi yake binti anafukua kichungu alichokifukia chini ya kitanda, anamwaga hela za kodi kwenye mkeka, anahesabu. Anahesabu tena. Moja imepungua. Hasemi kitu, anazirudisha moja moja, anafukia, anachukua ukili wake anaendelea kusuka, na mjukuu kasimama mlangoni anajifanya hajaona. (Wewe kichwani zifanye rupia, mambo yanaenda.) Kurasa mbili tu hizo, nimezirudia mara tatu. Yaani kumbe anaweza! Hapo ndo hasira zangu zilipo, sijui nani alimdanganya kwamba sisi wasomaji wa mahaba hatutaki kuumia, wakati kuumia ndo tunakolipia.

Anayekitaka changu kipo, 10,000, unakuja kuchukua mwenyewe Kimara. Kava safi, ukurasa wa 143 una doa la chai.