Kubomoa jengo la maduka Kariakoo: uzoefu wangu na mkandarasi

Jengo la marehemu baba lilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa moja, maduka manne chini na stoo juu. Lilijengwa miaka ya 70. Jamvi la juu, yaani ile sakafu ya zege, lilikuwa limeanza kumeguka, nondo ziko nje zimevimba kwa kutu. Baada ya lile ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, usingizi ulinipaa; mpangaji akipiga simu, moyo unaniruka. Tukakaa wanandugu, tukakubaliana libomolewe.

Wa kwanza kuja alitaka kubomoa bure, mradi nondo, mageti na milango viwe vyake. Kaka zangu walimpenda sana. Nikamwomba cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, akasema anatumia cha rafiki yake. Nikaachana naye. Mtu anayelipwa kwa nondo atazikimbilia nondo, na hizo ndizo zinazolishika jengo lisimuangukie mtu. Wa pili alitaka milioni 31. Wa tatu milioni 22, ndani yake kibali cha halmashauri, uzio wa mabati na kusomba kifusi. Huyo ndiye niliyemchukua. Jina lake silitaji, maana kuna jambo moja aliniudhi nalo.

Siku ya kwanza hakugusa hata tofali. Alikwenda kwa jirani yetu, mzee anayeuza vitenge, ambaye ukuta wake umeshikana na wetu. Akampa shikamoo, akaomba ruhusa, akapiga picha kila ufa. Kwenye ufa mkubwa, nyuma ya rafu ya khanga, akabandika kwa saruji kipande cha kioo chembamba, ukubwa wa kiberiti, akaandika tarehe pembeni. "Mzee, ukuta ukisogea hata kidogo, hiki kitapasuka kabla wewe hujaona kitu. Ukikikuta kimepasuka nipigie, hata iwe saa nane usiku." Mzee huyu alishatupeleka serikali ya mtaa kupinga kazi. Kuanzia siku ile yeye ndiye akawa mlinzi wa kioo, kila asubuhi anakiangalia kabla ya kufungua duka.

TANESCO wakakata umeme kutoka kwenye nguzo, DAWASA wakafunga maji. Likaja suala la paa. Mimi nilijua ni bati la zamani tu, kumbe ni asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni madhara yanaweza kuja miaka mingi baadaye. Mkandarasi ndiye aliyeniambia tuwaone NEMC, baraza la mazingira, kwanza. Vijana wake walivaa barakoa nzito, wakalowesha paa kwa maji, wakafungua msumari mmoja mmoja na kushusha kila kipande kizima kizima hadi kwenye nailoni. Siku mbili nzima kwa paa tu, na sikulalamika.

Walibomoa kuanzia juu. Kijiko, ule mtambo wa kuchimbua, kilifanya kazi upande wa barabarani. Upande wa mzee walitumia nyundo za mkono. Kila jioni kifusi kilishushwa kutoka kwenye jamvi, kwa sababu kikirundikana pale juu jamvi bovu linaweza kushuka na watu. Matipa yaliingia usiku. Mchana Kariakoo utapitishia wapi tipa?

Sasa lile la kuudhi. Mkataba ulisema "kubomoa jengo na kusafisha eneo". Mimi nikaelewa mpaka msingi. Siku ya 19 nakuta wanapakia vifaa, msingi wa zege uko palepale na shimo la maji taka liko wazi. Akadai milioni 4.5 zaidi. Tulivutana wiki nzima, tukaishia milioni 3, na hapo ni kwa sababu nilikuwa bado nimeshikilia asilimia 15 ya malipo yake hadi siku ya kukabidhiana. Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba yeye alijua. Kazi hii ameifanya miaka mingi, anajua anayebomoa Kariakoo anataka kujenga, na hujengi juu ya msingi uliooza. Angeniambia kabla sijasaini.

Kwa hiyo andikeni kila kitu: msingi unatolewa hadi kina gani, shimo la choo nani analifukia, kifusi kinamwagwa wapi, nondo ni za nani. Zetu tuliziuza kwa kilo, tukapata milioni 2 na ushee.

Kioo cha mzee hakikupasuka. Kwa kazi yenyewe ningemchukua tena, ila mkataba ataandika mwanasheria wangu.