Tamasha la Kisumu kando ya ziwa: tiketi 1,000, na kilichofaa pesa hata hakikuwa kwa steji

Jumamosi nilikuwa nimeloweka nguo, beseni mbili kabisa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi beshte yangu akagonga mlango hapa Section 58, Nakuru, akiwa na kofia na raba, ananiambia "Omera, achana na hizo nguo, leo kuna muziki Kisumu." Mimi si Mjaluo lakini huyu ananiita omera, yaani ndugu, tangu tukiwa fomu wani, na kumkatalia kitu ni kazi. Saa moja na robo tulikuwa ndani ya matatu, 700 kila mtu, tukapita Mau Summit na baridi yake, Kericho tukanyeshewa, kuteremka mpaka kwa mashamba ya mpunga ya Ahero ndio nikajua hii sweta nimeibeba bure.

Sasa mabaya kwanza maana ni mengi. Geti tuliambiwa ni saa nne, ikafunguliwa saa saba kasoro, jua lile la Kisumu linatupiga utosini na hakuna hata turubai moja ya kivuli. Kulipa na simu ikawa shida, netiwaki imelemewa, dada wa getini anataka kuona mesej na mesej haiji, mwenye keshi alipita tu akitucheka. Maji ya nusu lita 100, na ukija na yako wanakunyang'anya hapo getini. Vyoo nilihesabu sita. Sita bana, kwa umati ule, ikifika saa kumi na moja usiniulize.

Steji kubwa nayo besi ilikuwa inameza kila kitu, unaona mdomo wa mwimbaji ukifunguka lakini maneno hayafiki, na emsii kila dakika mbili "Kisumu mko wapiii" mpaka jamaa nyuma yangu akamjibu "si tuko hapa tangu saa nne!" Jenereta ikazima mara mbili.

Hiyo mara ya pili ndio ilituokoa. Kelele zilipokatika tukasikia kitu kinagonga huko nyuma karibu na maji, ko ko ko, tukafuata. Kumbe kuna kahema kadogo hata hakakuwa kwa ratiba, ndani mzee ameketi kwa kigoda anapiga nyatiti, nyuzi nane, njuga mguuni, na kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma ndio hiyo inagonga ubao. Nilisogea karibu kabisa, pale pete inapogongea mbao imelika ikaacha kishimo laini kama kijiko. Hakuna maiki, hakuna spika, na kila neno linasikika, ingawa Kijaluo changu ni cha kununua samaki tu.

Halafu kuna ile mambo yao ya pakruok, unatoa pesa mzee anasimamisha muziki, unajisifu wewe na kwenu na mashemeji, ukimaliza anaendelea palepale alipoachia. Mama mmoja alijisifu mpaka nikasahau kama tulikuja kusikiliza muziki. Beshte yangu akatoa 200, akajisifu weee, akamalizia na "huyu rafiki yangu wa Nakuru, mwanaume aliyeacha nguo kwa beseni," hema yote ikaanguka kicheko. Baadaye kijana akaingia na orutu, uzi mmoja tu na upinde wake, lakini ile kitu inalia kama mtu. Kwa steji kubwa hatukurudi tena.

Samaki wa mchuzi na ugali 500, hapo sina lawama, ngege mzima mpaka nikalamba vidole. Giza likiingia vile vidudu vya ziwa vinajaa kwa taa, funika sahani.

Nawapa tatu kwa tano, na hizo tatu mbili na nusu ni za mzee. Mwakani wakimweka kwa ratiba na waongeze vyoo nitaenda, lakini na keshi mfukoni na kofia kichwani.

Matatu za Nakuru tukazikosa, tukalala kwa shangazi ya beshte yangu, Nyalenda hapo Kisumu. Akatupakulia omena, akauliza tiketi ilikuwa pesa ngapi, tukamwambia, tukamweleza na habari ya mzee wa pete. Akaweka mwiko chini. "Elfu moja? Huyo si alikesha hapa kwa jirani kwa matanga mwezi jana, na chai watu wakapewa bure?"

Nikaomba omena ingine.