Linux Mint kwenye kompyuta mpakato ya mtumba: tathmini ya mtumiaji wa siku nyingi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ambayo kwa kawaida ni ya kizazi cha nane au zaidi, mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, baada ya kutumika katika maofisi ya ng'ambo zimehesabiwa kuwa zimepitwa na wakati, ingawa skrini, kibodi na diski zake bado ni nzima. Tathmini hii inahusu mfumo endeshi ninaoupendekeza kwa mashine za namna hiyo, yaani Linux Mint, mojawapo ya mifumo ya Linux inayoweza kushika nafasi ya Windows, mfululizo wa 22 wenye sura ya Xfce (sura ni mwonekano wa menyu na madirisha), kama unavyofanya kazi kwenye ThinkPad T460 yenye RAM ya gigabaiti 8.

Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, na imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux. Mfululizo wa 22 unategemea Ubuntu 24.04 na utapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029, muda ambao ni mrefu kuliko umri uliobaki wa betri nyingi za mitumba. Hutolewa bila malipo kwa sura tatu: Cinnamon, ambayo ndiyo ya kuvutia zaidi, MATE, na Xfce, iliyo nyepesi kuliko zote. Watengenezaji wanasema RAM ya gigabaiti 2 inatosha na 4 ndiyo ya kustarehe; mimi ningesema mwenye 2 asifungue kurasa nyingi za kivinjari kwa pamoja, kwa sababu siku hizi kinachomaliza RAM ni tovuti kuliko mfumo endeshi wenyewe.

Sifa kuu ya Mint, kwa macho ya mtu aliyezoea kompyuta tangu enzi za Windows 98 na mikahawa ya intaneti ya kulipia kwa nusu saa, ni utulivu wake. Ukiiwasha haikuulizi akaunti ya mtandaoni, haikuoneshi tangazo kwenye menyu, wala haikuamulii saa ya kuzima na kuwaka upya ukiwa katikati ya barua. Hayo zamani yalikuwa mambo ya kawaida yasiyostahili kutajwa katika tathmini yoyote. Lakini mwezi Aprili 2024 Microsoft ilianza kuweka matangazo ya programu ndani ya menyu ya Windows 11, na mwezi uliofuata ikatangaza Recall, huduma ya kupiga picha za skrini kila mara ili mtumiaji aweze kutafuta alichokiona, ambayo ililazimika kuahirishwa baada ya wataalamu wa usalama kuipinga. Sioni kwamba kampuni hiyo ni mbaya kuliko nyingine. Naona kwamba desturi ya mitandao ya kijamii, ambamo mtumiaji ndiye bidhaa, imehamia kwenye kifaa ambacho mtu amekinunua kwa fedha zake mwenyewe.

Jambo la pili linatuhusu zaidi sisi wa huku. Kwa miaka mingi tumezoea fundi anayeweka Windows na Office zilizovunjwa ufunguo, akianza kwa kuzima kinga ya virusi ili kivunja ufunguo kipate kufanya kazi, kisha mteja anashangaa kwa nini kila flashi anayoichomeka inageuza faili kuwa njia za mkato. Mint huja na kivinjari cha Firefox na LibreOffice, mbadala wa Office, kihalali, kwa hiyo hakuna cha kuvunja. LibreOffice, kwa kumbukumbu tu, ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, programu ambayo mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Inasikitisha kwamba wengi wanaoandika barua za Kiswahili kila siku hawajawahi kuisikia.

Kasoro zipo, na baadhi ni nzito. Photoshop na Office ya kusakinisha hazikutengenezwa kwa ajili ya Linux. Hati ya Word yenye majedwali mengi inaweza kupoteza mpangilio, na lahajedwali za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, ambazo ofisi nyingi bado huzitumia kama fomu, mara nyingi hazifanyi kazi ipasavyo. Mhasibu anayezitegemea abaki alipo. Baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom huhitaji kiendeshi cha ziada, yaani programu ya kuziwezesha kufanya kazi, jambo linaloudhi pale intaneti yenyewe inapohitajika ili kukipata. Tena kuna ile tabia mbaya ya wakongwe wa Linux ya kumjibu mgeni kwa kejeli, au kumpa amri ndefu ya kunakili bila kumweleza itafanya nini. Amri inayoanza na sudo, neno linaloipa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, isibandikwe kabla ya kueleweka, na kabla ya hapo Timeshift, ambayo imo ndani ya Mint, iwe imeshahifadhi hali ya mfumo ili uweze kurudi ulikotoka.

Faili la usakinishaji lina karibu gigabaiti 3, hivyo mwenye bando dogo amwombe rafiki ampe nakala. Akishaipata, alinganishe alama yake ya SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili likichezewa, na ile iliyochapishwa na Mint, kwa sababu mwezi Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya mradi huo na kuwaelekeza watu kwenye nakala yenye mlango wa siri. Watengenezaji walitangaza tukio hilo mara moja, na uwazi huo nauhesabu kuwa sifa.

Nakala hiyo ikiandikwa kwenye flashi, mfumo wote huwaka kutoka humo bila kugusa diski. Anayetaka kununua mashine ya mtumba aende na flashi hiyo dukani, amwombe muuzaji ruhusa ya kuwasha mashine kutoka kwenye flashi, kisha ajaribu Wi-Fi, sauti, kamera na kila kitufe cha kibodi kabla ya kutoa fedha.