Walinipakia silikoni juu ya bati, kisha wakaniambia nizoee kuvujiwa

Pesa inauma, lakini lile jibu linauma zaidi. Fundi mkuu wa kampuni moja ya kuziba mapaa hapa Dar alisimama koridoni kwangu, jipsamu ya dari imevimba mpaka imemeguka, maji yanadondoka kwenye beseni, akaniambia, "Mama, nyumba za paa la kuficha ndivyo zilivyo. Zoea tu." Nizoee! Kwenye nyumba yangu, kwa hela yangu!

Ni hizi nyumba za kisasa, bati limelala nyuma ya ukuta na mteremko wake ni kidogo mno. Masika yalipoanza kunitesa, niliwaita hao. Walipanda na mirija ya silikoni, wakapaka kila kichwa cha skrubu na kila maungio, adhuhuri haijafika wameshashuka. Harufu ya siki ilijaa mpaka jikoni. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba silikoni yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula zinki ya bati. Yaani nimelipa watu waniletee kutu!

Haki yao niwape: mvua ya kwanza haikuvuja, na niliwasifia kwenye grupu la mtaa. Halafu likaja jua. Bati linatanuka mchana, usiku linasinyaa, na ile silikoni ikaanza kubanduka vipande vipande. Mvua iliyofuata, korido nzima maji.

Aliyeniokoa ni fundi mwingine, kijana mpole. Huyu hakugusa kitu kwanza. Alipanda na mpira wa maji, akamwagia sehemu moja moja kuanzia chini kwenda juu, mimi nikiwa ndani namulika tochi darini. Kumbe maji hayakuwa yakiingilia koridoni hata kidogo! Yalikuwa yanaingilia kule bati linapokutana na ukuta, maana fleshingi, kile kipande cha bati cha kuziba hapo, ilibandikwa tu juu ya lipu bila kuchimbiwa, kisha yanatambaa kwenye papi, zile mbao zinazobeba bati, mpaka koridoni. Akanionesha na kipira cha skrubu kiganjani: kimekauka, kimepasuka, ukikiminya kinamegeka. Alibadilisha skrubu zote zilizolegea akaweka nene zaidi zenye vipira vipya, akachimba ukuta akaingiza fleshingi ndani, na pale bati zilipopandana kidogo akafungua, akatandika utepe wa butili, mpira laini unaonata, katikati, akafunga upya. Paa likilala hivyo, maji hupanda kinyumenyume kwenye maungio.

Nilikuja hapa niwape wale wa kwanza nyota mbili, kwa sababu walifika kwa wakati na hawakuvunja kitu. Lakini nikikumbuka jinsi kijana wa watu alivyohenya juani akikwangua silikoni yao, kwa kuwa hakuna kitu kinachoshika juu yake, na kwamba muda huo wote wa kukwangua niliulipia mimi, hapana. Sifuti neno hata moja. Wakija getini na mirija tu, bila skrubu wala mpira wa maji, msiwafungulie.

Nimewaandikia warudishe angalau nusu. Meseji imesomwa, jibu hakuna. Nyota moja, tena hiyo ni ya msaidizi wao aliyedeki korido bila kuagizwa na mtu, huku bosi wake akiniambia nizoee.