Briji ya aina ya Mustang kwenye gitaa la muundo wa Jazzmaster: nyuki ametoka

Kwa miezi minne uzi wangu wa tano, ule wa A, ulikuwa ukivuma kama nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Ulivuma zaidi nikipiga kwa nguvu, na mkono wangu wa kulia ni mzito, maana kwenye bendi mimi ndiye wa ridhimu. Amplifaya ikipaa ulimezwa na sauti. Tukirekodi, ulikuwemo.

Gitaa ni la mkono wa pili, la muundo wa Jazzmaster. Anayeujua muundo huo anaijua na briji yake, kile chuma cha mwilini mwa gitaa kinachobeba nyuzi: vitandiko sita, kimoja kwa kila uzi, vilivyochongwa mifereji mingi myembamba, kila kimoja kimesimama juu ya viskrubu viwili vya kupandisha na kushusha. Kampuni ya Fender ilipoitoa Jazzmaster mwaka 1958 wapigaji walifunga nyuzi nene, na uzi mnene hukandamiza. Mimi nafunga seti nyembamba, uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.010. Isitoshe, nyuzi hufungwa mbali nyuma ya briji, hivyo hupita juu ya vitandiko karibu zimenyooka. Kitandiko kisicho na uzito juu yake hutikisika, viskrubu hulegea, kimo hushuka. Nilipaka rangi ya kucha kwenye viskrubu ili vishike. Ilidumu wiki mbili, kisha kimoja kikadondoka katikati ya mazoezi.

Kabla ya kununua chochote, tafuta sauti inatoka wapi. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hubadilisha briji na kosa liko kwenye shingo. Nilibana uzi wa sita kwenye freti (vile vyuma vilivyokata shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nikapima uwazi juu ya freti ya saba: milimita 0.25 hivi, yaani shingo ina mpindo mdogo unaotakiwa. Shingo iliyonyooka mno huleta mvumo freti za mwanzo. Uzi ukivuma pale tu usipobanwa, yaani ukiwa mtupu, angalia nati, kile kipande chenye mifereji mwisho wa shingo. Wangu ulivuma mtupu, ukivuma pia kila nilipoubana. Nikaupiga mtupu huku kidole cha mkono wa kushoto kimegusa viskrubu vya kitandiko chake. Kimya. Nikaondoa kidole, nyuki akarudi.

Ndipo nikaagiza briji ya aina ya Mustang, gitaa jingine la Fender. Vitandiko vyake ni laini, kila kimoja kina mfereji mmoja wenye kina, na havina viskrubu vya kimo hata kimoja. Mkunjo wa ubao wa vidole, yaani uso wa shingo wenye freti, umeshafuatwa kwa kutofautisha unene wa vitandiko. Kisichokuwepo hakiwezi kulegea. Ilikaa kwenye matundu yale yale bila kutoboa mbao. Kimo cha briji nzima unakirekebisha kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kwenye miguu miwili, nami nikaweka uzi wa sita milimita 1.6 juu ya freti ya 17.

Kazi iliyokula jioni yangu ni kulinganisha sauti. Unafunga nyuzi mpya kwanza, kisha unapima hamoniki ya freti ya 12 (sauti itokayo ukiugusa uzi tu bila kuubana) na noti iliyobanwa hapo hapo. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Uzi wa G ulinisumbua kuliko nyingine zote tano.

Mvumo wa A umekwisha. Na jambo ambalo sikulitarajia: nyuzi haziruki tena kutoka kwenye mifereji yake nikicharaza kwa nguvu, jambo lililokuwa likinitokea karibu kila wiki.

Ila uzi wa sita, E mnene, uliendelea kulia kwa mbali, na hilo briji haikuliweza. Niliingiza kipande chembamba cha mbao chenye mteremko chini ya kitako cha shingo, upande wa ndani karibu na pikapu, kile kinachonasa sauti ya nyuzi. Shingo ikaegemea nyuma kidogo, nikalazimika kupandisha briji, na nyuzi zikapata kona kali zaidi nyuma yake. E ikatulia. Kwa hiyo usitegemee briji hii ibebe kila kitu.

Kasoro ninayoihisi kila siku ni kwamba huwezi kugusa kimo cha uzi mmoja mmoja. Uzi wangu wa B uko juu kidogo kuliko ninavyopenda, nami sina la kuufanya bila kuishusha briji nzima upande huo. Tena uangalie mkunjo unaponunua, unaopimwa kwa nusu kipenyo cha duara lake: wa kale ni inchi 7.25, na magitaa mengi ya sasa, langu likiwemo, ni 9.5. Ukichukua wa kale kwa ubao wa 9.5, nyuzi za katikati zitabaki juu. Anayebadilisha unene wa nyuzi au kimo mara kwa mara asiinunue.

Mimi sibadilishi. Tangu niifunge sijaishika alenki, na briji ya zamani iko kwenye sanduku la gitaa na viskrubu vyake kumi na kimoja.