Google Play kwa mwenye programu yake ya kwanza: tathmini kutoka pwani ya Jambiani

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika skuli ya Kusini Unguja, na kwa jioni nyingi za mwaka uliopita nilikuwa nikiandika programu ndogo ya simu inayoonesha saa za maji kujaa na kupwa, pamoja na siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kukauka kupita kiasi, na za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kwa ajili ya wakulima wa mwani na wavuvi wa huku kwetu. Programu yenyewe sitaitathmini, kwa kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ninayoitathmini ni huduma iliyoifikisha kwa watu, yaani duka la Google Play, na baadaye kidogo njia nilizozitumia kuitangaza.

Kwanza gharama. Akaunti ya msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, hulipiwa dola 25 mara moja tu, ilhali upande wa Apple ada ni dola 99 kila mwaka, na kwa kazi ya pembeni isiyo na hakika ya kurudisha hata nauli ya daladala, tofauti hiyo peke yake ilitosha kuniamulia. Ukurasa wa programu waweza kuandikwa kwa Kiswahili, ila nafasi ni finyu: jina lisizidi herufi 30, na maelezo mafupi yasizidi 80. Baada ya kufuta mara nyingi nilibaki na haya: «Saa za maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, Unguja, bila intaneti.» Aidha, hata programu isiyokusanya taarifa yoyote ya mtumiaji hutakiwa kuwa na sera ya faragha na fomu ya usalama wa data iliyojazwa, jambo lililonichukua jioni moja na ambalo sina la kulilalamikia.

Sharti linalowakatisha tamaa wengi ni la majaribio. Mwenye akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haruhusiwi kuitoa programu kwa umma mpaka kwanza ijaribiwe na watu wasiopungua 12, ambao awali walikuwa 20, wakiwa wamejiunga kwa siku 14 mfululizo. Kila mmoja wao huhitaji kuwa na akaunti ya Google, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nusu ya watu niliowaendea hawakuijua anwani yao ya barua pepe, kwa sababu simu ilifunguliwa na kijana aliyewauzia dukani. Kosa lililofuata lilikuwa langu: nilikusanya watu 12 kamili bila akiba, na siku ya tisa mmoja akajitoa, hesabu ikaanza upya. Anayetaka kufuata njia hii na atafute 18 au 20 tangu mwanzo.

Pamoja na usumbufu huo, sharti hili ndilo ninalolipa alama za juu kabisa, na sababu yake ni mama mmoja wa mwani aliyenijia skuli kabla hata kengele ya asubuhi haijalia.

«Mwalimu, shikamoo nikuamkie mimi leo, maana umenitia mashakani,» alisema, akanionesha simu. «Hii programu yako inasema kesho maji yanakupwa saa kumi na dakika ishirini. Mwanangu, bamvua hili saa kumi maji yamo minazini!»

Kwenye kioo paliandikwa 10:20, nami nilikusudia saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kwa miezi yote niliyoifanya kazi ile, nikiwa Mswahili mwenye saa ya Kiswahili kichwani, sikuona kwamba nimeandika saa za kigeni kwa watu ambao kosa la saa sita huwafanya wayakute maji yamejaa badala ya kukauka. Lau programu ingetoka siku niliyoimaliza, kosa hilo lingefika kwa kila mtu kwa pamoja. Sasa saa huandikwa kwa maneno, «saa nne na dakika ishirini asubuhi», na tarakimu zimewekwa chini yake kwa herufi ndogo.

Kuhusu kutangaza sitasema mengi. Nilimlipa mwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni wenye wafuasi wengi, ambao sitautaja, aweke tangazo langu kwa siku moja. Waliopakua walikuja kwa wingi wa kufurahisha, na kabla ya wiki kwisha takwimu za Google Play, ambazo huonesha walioweka na walioondoa, zikanionesha kwamba karibu wote wameshaondoa. Mmoja wao aliacha maoni akiuliza bamvua ni nini. Karatasi niliyoibandika dikoni, wanakofikia wavuvi na vyombo vyao, na nyingine penye mizani ya mwani zimeleta watu wachache zaidi, lakini hao wamebaki, na wengi wao waliwekewa programu na wale wale walioijaribu, wakiwa wamekaa barazani simu mkononi. Mama wa saa kumi peke yake amewawekea jirani zake watano, na humweleza kila mmoja wao kwamba saa zile amezisahihisha yeye.

Kwa hiyo Google Play naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya maelezo ya masharti, ambayo yametawanyika katika kurasa nyingi kiasi kwamba mgeni hulijua sharti la siku 14 akiwa ameshamaliza kazi na ameshawaahidi watu tarehe. Wenye iPhone hapa kijijini huniuliza yao itatoka lini. Kwa dola 99 za kila mwaka, na programu isiyoniingizia hata senti, kwa sasa huwapigia picha jedwali la mwezi na kuwatumia kwa WhatsApp.